Nachapa katiba za vikundi vya kina mama hapa Tanga, njooni tuongee kuhusu ile sehemu ya namba ya simu

Karani wa Ngamiani

Habari za mchana wanajamvi. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite tu asije kunilalamikia mwishoni.

Nina steshenari ndogo Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi mana mtakuja kukopa karatasi. Zamani nilikuwa naishi kwa CV na fotokopi za vyeti, siku hizi mkate wangu ni katiba za vikundi. Toka ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 irudishwe 2024 (ile ya asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023) kina mama wanakuja wanne watano, mmoja kashika daftari, mwingine kashika mtoto, wanajaa kwenye benchi langu hadi mteja wa fotokopi anasubiri nje juani. Nimechapa mpaka "sisi wanakikundi kwa hiari yetu" naiandika huku naangalia bajaji zinavyopita.

Sasa kilichonileta. Ukurasa wa kwanza wa katiba pana majina ya viongozi na namba zao. Mwenyekiti mwanamke, katibu mwanamke, mweka hazina mwanamke, hapo huna la kusema. Nikimaliza kazi napiga ile namba niseme mama katiba tayari, njoo na hela iliyobaki, inapokelewa na sauti nzito. "Nani wewe? Unamtaka wa nini? Niambie mimi." Sio mara moja wala mbili. Mwenyekiti mzima hajui kama katiba yake imekwisha mpaka bwana arudi jioni, na akumbuke. Mmoja alisahau siku nne, ya tano kina mama wakaja kunigombeza mimi eti nawapiga danadana.

Halafu kuna mstari wa "mlezi wa kikundi". Huo ndo usiseme. Kilikuja kikundi cha wakulima wa mwani, nauliza mlezi nani, wananitajia jina la mwanaume, nauliza ndugu yenu? Hapana, ndo anayenunua mwani wetu. Yani anayepanga bei ndo mlezi wa wanaopangiwa bei. Nikachapa. Nalipwa kuchapa, silipwi kuuliza.

Ila akaja bibi mmoja, katokea vijiji vya pwani ya Mkinga, kusoma hajui, kaja na mjukuu wake wa form two awe anamsomea. Kwenye pindo la kanga kafunga vitaitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu za mwani kwenye kamba kubwa, kila mwanachama na cha kwake, kina mafundo. Fundo moja kamba kumi. Nikamuuliza bibi daftari huna? Akasema daftari lililowa, haya hayalowi. Mjukuu akawa anasoma katiba kifungu kwa kifungu, bibi kafumba macho nikadhani kalala. Kufika cha mweka hazina akasema rudia hapo. Mtoto akarudia. Akasema, "Ongeza. Mweka hazina asiwe mke wa mnunuzi, wala ndugu wa mnunuzi, wala mtu anayedaiwa na mnunuzi." Hilo la kudaiwa ndo liliniacha hoi, katika katiba zote nilizochapa sijawahi kuliona, na hata mtu wa sheria nadhani lingempita.

Kwenye mlezi akasema acha wazi, sisi watu wazima.

Kwenye namba ya simu akatoa karatasi kaandikiwa namba. Nikapiga kujaribu, akapokea mwanaume. Mtoto wake wa kiume. Laini yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha huyo mtoto mana bibi wakati wa zoezi la alama za vidole cha kwake kilikuwa hakijatoka.

Ndo swali langu wakuu. Tukisema wanawake viongozi tunataja walewale wa kwenye picha. Mtu kama huyu tunamwekaje? Na nani kashika simu?

Kijana wa Raskazone

Dada Karani hongera kwa kazi ila jamani mnataka nini tena. Rais mwanamke toka Machi 2021. Spika wanawake tumeshapata wawili, kwanza Anna Makinda 2010 halafu Tulia Ackson 2022, na 2023 huyo Tulia akachaguliwa rais wa umoja wa mabunge wa dunia. Hapa mjini kwetu 2020 jimbo alichukua Ummy Mwalimu, ukuu wa mkoa tumeongozwa na Chiku Gallawa, tukaongozwa na Batilda Burian. Leo hoja imekuwa simu ya mume? Mimi na mke wangu simu zetu yoyote anapokea, ndoa ndo ilivyo.

Pweza Mkavu

Kijana, na meseji za kwenye simu yako anasoma? 😂 Jibu taratibu usikimbie.

Kijana wa Raskazone

Tusitoke nje ya mada

Pweza Mkavu

Haya mada. Umetaja Ummy, umesahau aliingia bungeni 2010 kwa viti maalum. Katiba yetu ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia thelathini, na wazo lake lilikuwa hilohilo, mtu aingie, ajue mlango wa kamati uko wapi, bajeti inasomwaje, halafu aende jimboni akapambane na wanaume uso kwa uso. Yeye kavuka. Mama Makinda alikuwa mbunge wa jimbo, Njombe Kusini, wala hakukalia kiti kwa hisani. Lakini angalieni wanaokaa viti maalum awamu hadi awamu, na vyama navyo jimboni vinawaambia we mama si una njia yako, muachie kaka. Kiti kilichowekwa kiwe ngazi kimegeuka kochi.

Simu ya bibi ndo hiyohiyo. Nafasi anayo, mlango kashika mwingine.

Mzee wa Chumbageni

Asalaam aleykum. Vijana mnaongea kama uongozi wa wanawake pwani umeletwa na semina na posho. Ngojeni niwaambie.

Mama zetu walikuwa na lelemama. Ile haikuwa ngoma ya kucheza tu ukaenda zako, ilikuwa na wakubwa wake, na mchango, na sare, na faini ukichelewa, na mkifiwa chama kinakuja kizima. Kungwi naye sijui mnamwita nani, mwanaume gani alikuwa anamwingilia kungwi? Babangu alikuwa mkali mtaa mzima unamjua lakini siku za unyago anatafuta pa kulala mwenyewe.

Sasa 1955 TANU changa, akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza wazee wa TANU mbona sehemu ya wanawake siioni? Wakatazamana. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, na huyo Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma pale Dar kinaitwa Bomba. Hakuanza nyumba kwa nyumba, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akamaliza na kiongozi akapata kundi zima, na ndani ya miezi michache akaandikisha wanawake zaidi ya 5,000. Wanaume wa TANU wengi siku hizo ni watumishi wa serikali wanaogopa kibarua, mama muuza vitumbua barua ya kumfukuza kazi utamwandikia nani? Mimi hapo huwa nacheka. Baadaye yakamkuta ya kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, akatoka 1972, hiyo hadithi ndefu.

Na kwa upande wa sanaa, Siti binti Saad mtoto wa Fumba kavuka bahari hadi Bombay 1928 kurekodi santuri, na aliyeandika maisha yake ni mtu wetu, Shaaban Robert wa hapahapa Tanga, kaburi lake liko Machui nendeni mkamsomee fatiha. Na Shakila mtoto wa Pangani, Mungu amrehemu, kafa 2016, taarabu ya Black Star ya Tanga ilisikika hadi Mombasa kwa koo lake. Mtu akisimama ukumbini watu mia tatu kimya, uongozi mwingine upi unautaka.

Bin Pangani

Shikamoo mzee. Kwa Shakila umenigusa. Bibi yangu akimsikia redioni anazima jiko kwanza, wali uungue shauri yake.

Karani wa Ngamiani

Shikamoo Mzee wa Chumbageni. Hapo kwenye faini za kuchelewa umenikumbusha, katiba ya bibi ina kifungu cha faini, mwanachama akikosa bamvua (zile siku maji yanakupwa sana, za kuingia shambani) bila udhuru anatozwa kamba tano. Sio hela, kamba. Nilidhani kakosea.

Dada wa Magomeni

Nawasoma nikiwa Bagamoyo. Magomeni ya huku jamani sio ya Dar.

Mzee kaongelea waimbaji, naongezea la huku kwetu. Marehemu Hukwe Zawose mnamjua, Mgogo aliyekuja kuweka maskani Bagamoyo, ilimba yake (ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze vikazunguka dunia, akafariki 2003. Kwa desturi ya Wagogo wanawake wanapiga ngoma ya muheme, wanaibana mapajani, ukiona hutasahau. Lakini ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Sasa binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wameamua kushika mbele wenyewe, wanajiita The Zawose Queens, 2024 wametoa albamu na mwaka huohuo wakapanda jukwaa la Glastonbury Uingereza. Watu wa nje wanaandika "sauti mpya". Hao sio wapya. Walikuwa kwenye vikundi vya familia toka wadogo, wanaitikia kwa nyuma, majina ya kwenye kava ya baba na kaka. Nyimbo wanazijua kuliko mtu yeyote.

Mimi nimepita TaSUBa, wazee wanapaita bado Chuo cha Sanaa. Darasani wasichana tulikuwepo wengi tu, kucheza na kuigiza unapangiwa bila kuuliza, ila ukitaka ngoma kubwa au kukaa kwenye mashine za sauti kuna mtu atakuambia dada hiyo nzito. Nzito kivipi na nyumbani nabeba ndoo mbili za maji. Sikatai walimu wapo waliotusukuma, na mimi zeze nimelipiga pale.

Na kwa wasomi msimsahau Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 80 yeye na wenzake walifika Msoga, wakati huo Bagamoyo kabla hamjatukatia Chalinze, wakafanya sanaa na wanakijiji. Hawakwenda na tamthilia mfukoni, waliuliza watu tatizo lenu nini halafu watu wakaigiza wenyewe mbele ya wakubwa wa kijiji, wakajadili palepale. Baadaye kaja kukaa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kile kiti cha uprofesa palepale chuoni, baada ya Profesa Shivji. Nani kamuona kwenye yale mabango ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi?

Kijana wa Raskazone

Naomba kueleweka. Sijasema wasiongoze. Nasema wanawake wenyewe hawapendani. Kikundi cha mamangu kilivunjika kwa vita ya wenyewe, mwanaume hata mmoja hakuwepo.

Pweza Mkavu

Timu yako ya mpira ya mtaani haijawahi kuvunjika?

Kijana wa Raskazone

Mara tatu lakini hiyo ni mambo ya jezi

Mwambao83

Mimi nilitaka kupita kimya lakini dhamiri inanisuta. Ile sauti nzito ya "niambie mimi" inawezekana ni yangu.

Mke wangu ni mwenyekiti wa kikundi, wanakaanga dagaa na samaki. Fomu ilivyokuja niliijaza mimi mana mwandiko wangu mzuri, kufika kwenye simu nikaandika yangu wala sikuwaza, yake ilikuwa kioo kimepasuka. Basi simu za kikundi zikawa zinakuja kwangu. Mwanzo kero, baadaye nikazoea, baadaye nikaanza kujibu bila kumuuliza. Siku afisa wa kata kapiga kauliza mpo tayari kukaguliwa Jumatano, nikasema tupo tayari. Tupo! Mimi sijawahi kukaanga hata kibua. Jumatano wenzangu walikuwa msibani, mkaguzi kakuta kufuli, kikundi kikaandikwa hakipo hai.

Mke wangu hakugomba. Alininyamazia wiki. Sitamani ile wiki kwa mtu.

Bin Pangani

Kununiwa na mwanamke wa Kitanga wiki nzima na bado uko hai, wewe shujaa

Nahodha Mstaafu

Nyie mnaongelea simu, mimi naongelea mtumbwi. Nimefanya kazi na wakulima wa mwani kwa muda, nawaeleza inavyokwenda.

Mwani upo wa aina mbili wanaopanda watu wetu, spinosamu na kotonii. Spinosamu mvumilivu lakini bei yake ya kulia, kotonii ndo yenye hela ila haitaki maji ya moto. Shamba la kina mama liko pale maji yanapokupwa, bamvua likifika mwezi mwandamo au mpevu wanaingia kwa miguu, wanapiga vigingi, wanafunga kamba, wanarudi kabla maji hayajajaa. Siku 45 hivi wanavuna. Hapo hakuna mtumbwi wala kuogelea, na wanaume wengi waliona ile kazi ya kuinama maji ya magotini haina hadhi, wakawaachia. Ndo mana wanawake wakatawala. Sasa bahari ya kina kifupi inachemka, kotonii inageuka nyeupe, inakatika, inaondoka na maji.

Dawa mojawapo ni kuhamia kina kirefu ambako maji yamepoa. Dk. Flower Msuya aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Unguja, mwanamke ambaye kwa mwani wa nchi hii sijui nimfananishe na nani, kahangaika na hilo miaka, nyavu za mirija ili kotonii isiondoke na mkondo, na pia kuwafundisha kina mama kusaga mwani unga, kutengeneza sabuni, wasiuze gunia kavu tu. Na vijiji kama Mlingotini hapo Bagamoyo kina mama sabuni wanatengeneza kweli.

Lakini fikirieni. Kina kirefu kinataka chombo. Chombo ni cha nani? Kuogelea kina mama wetu wangapi walifundishwa? Kwahiyo siku bei itakapopanda na shamba likahamia huko, mtaona walezi watakavyoongezeka. Huyo bibi wa Karani ningependa kujua kwenye mkopo kaandika kununua nini.

Karani wa Ngamiani

Nahodha nilisahau kusema kumbe. Kwenye andiko la mradi aliomba mashua moja na, nanukuu kichwani mana karatasi kaondoka nayo, "mafunzo ya kuogelea kwa wanachama". Nilimwambia bibi hili la kuogelea wataliona kama utani, tulitoe. Akaniuliza wewe unajua kuogelea? Nikasema sijui. Akasema basi chapa.

Dada wa Magomeni

😂😂 nampenda huyu bibi jamani

Mzee wa Chumbageni

Watoto wa Tanga mjini hawajui kuogelea, na bahari iko mwisho wa barabara. Aibu yetu wote.

Pweza Mkavu

Swali la pembeni kwa wanaojua benki. Hawa kina mama wakitaka kupita mkopo wa halmashauri waende mkubwa zaidi, dhamana wanatoa wapi? Sheria ya ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na nyumba ya ndoa huwezi kuweka rehani bila mwenzio kukubali. Lakini hati ina jina la nani, ukiangalia barabara zote 21 za Ngamiani?

Bin Pangani

Jina la babu, na babu kafa 1987 na mirathi haijafunguliwa. Hapo mwanamke na mwanaume wote tumekwama sawasawa.

Mwambao83

Ukweli mtupu huo

Karani wa Ngamiani

Narudi baada ya wiki mbili, samahanini nilikuwa na msimu wa fomu za shule.

Bibi kaja leo asubuhi. Safari hii hakuja na mjukuu, mtoto yuko shule. Kakaa benchi palepale, kafungua pindo nikadhani anatoa vitaitai, akatoa kisimu cha kitochi kipya bado kina nailoni kwenye kioo. NIDA yake imetoka, kasajili laini mwenyewe, kidole chake mwenyewe, ananionesha kidole kama vile kina wino. Kaniambia, "Toa namba ya yule, weka hii."

Nikafungua faili, nikabadilisha ukurasa wa kwanza, nikampigia palepale kujaribu. Kitochi kikalia mkononi mwake, sauti juu mpaka mtu wa fotokopi kageuka. Akapokea tukiwa tumeangaliana, mita moja. "Haloo. Nani mwenzangu?" Nikasema mimi Karani, katiba yako tayari. Akasema haya nakuja.

Akakata, akasimama, akaja mezani.

Mkopo bado haujatoka, wamepita kuwakagua wameambiwa wasubiri. Kuhusu kuogelea anasema mkaguzi alicheka halafu akaandika.

Tukaingia kwenye bei. Nimemwambia bibi kuchapa upya na kuprinti elfu moja, kagoma, anasema kilichobadilika ni namba kumi tu na karatasi ni moja, mia tano. Nikamwambia umeme bibi. Akasema umeme ulikuwa unawaka kabla sijaja. Kalipa mia tano.